Majibu Yaliyolazwa Kifudifudi

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya maneno, si kwa ajili ya kulialia. Ikitokea nimekufa na Mama akalifungua, ajue hivyo tangu ukurasa wa kwanza.

Hali yangu ni hii. Nina miaka thelathini na minne. Ufadhili wa shahada ya uzamili ng'ambo haumpokei mtu aliyetimiza miaka thelathini na mitano, nami naitimiza Agosti. Mtihani wa kuingilia ni Jumamosi tarehe 24 Mei. Mwaka jana niliufanya. Hesabu nilizipita bila jasho, maneno ya Kiingereza yakanibwaga chali. Si Kiingereza cha kazini. Hicho ninacho cha kutosha. Ni yale maneno ambayo hata wenyewe, nadhani, huyatoa kabatini siku ya wageni tu. Orodha ina maneno mia tisa na mimi nina siku themanini na mbili. Kumi na moja kwa siku, Jumapili ikiwemo.

Kadi sinunui. Maabara yetu ya hospitali inaandika majibu ya vipimo kwenye vikaratasi vya ukubwa wa kiganja. Ukikosea kuandika, unakipiga mstari mwekundu, unakitupa kwenye boksi chini ya meza na kuchukua kingine. Upande wa nyuma unabaki mweupe kabisa. Nimekusanya vilivyoharibika vya mwaka mzima. Upande mweupe naandika neno kwa herufi kubwa, chini yake maana kwa Kiswahili, halafu kadi inaingia kwenye boksi la viatu. Hata mtu bahili kuliko mimi asingenikosoa.

Jumanne, 4 Machi

Maneno kumi na moja. Mama ameniuliza kama hayo maneno yanaliwa.

Jumapili, 9 Machi

Nimwandike Shangazi, maana nitamtaja sana. Si shangazi yangu. Hospitali nzima inamwita hivyo. Ni karani wa majibu. Kila siku saa tisa alasiri anakuja maabara, anachukua majibu yote na kuyasambaza wodini kwa miguu, kwa sababu simu ya ndani ilikufa zamani na hakuna aliyeifanyia matanga. Amebakiza miezi saba kustaafu. Majibu anayafunga kwenye mfuko wa plastiki na kuutia ndani ya sweta, kifuani. Anasema hata maji yafike kiunoni, majibu yatafika makavu.

Ana mambo mawili yanayonikera. La kwanza, ananiita Profesa mbele ya wagonjwa. La pili, daftari la makabidhiano. Anatakiwa asaini mbele ya kila jibu alilopokea. Yeye anachora mstari mmoja toka juu hadi chini, anatia sahihi moja mwishoni, amemaliza. Nilimwambia juzi ahesabu kwanza.

"Nikianza kuhesabu karatasi zako," akasema, "si nitakuwa nakuita mwizi? Miaka mingapi tumefanya kazi?"

"Sita."

"Basi niache na mstari wangu."

Pamoja na hayo amejitolea kunihoji. Kila Alhamisi wakati wa chakula cha mchana nampelekea kadi za siku zilizopita, anazishika mbele yake, anasoma neno silabi kwa silabi kama anayesoma jina la mgonjwa mgeni, nami nataja maana. Nikikosa anacheka mpaka anakohoa. Kiingereza chake ni cha makaratasi ya hospitali tu, lakini hakubali kunisaidia hata herufi moja.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua imeanza. Bati la chumba cha Mama linavuja palepale pa mwaka jana. Ndoo imerudi kazini.

Ijumaa, 21 Machi

Mkuu wa maabara amekubali kuniandikia barua ya mapendekezo. Ataituma katikati ya Mei. "Usiniangushe," akasema. "Hapa hajawahi kutoka mtu." Kwake hilo ni kama kunikumbatia. Nilitoka ofisini nikitembea kama siigusi sakafu.

Alhamisi, 27 Machi

Siku ya kazi kama vita. Wenzangu wawili hawakuja, mmoja ana homa, mwingine daraja limejaa maji. Nilibaki peke yangu na sampuli sitini na tatu. Mbona niliweza! Na zaidi ya kuweza, nimeandika kadi thelathini, deni lote la wiki nimelifuta. Wakati mashine inazungusha damu, kadi tatu. Wakati nasubiri rangi ikauke kwenye kioo cha darubini, kadi mbili. Vikaratasi vyangu vyeupe kushoto, majibu kulia, yamelazwa kifudifudi kama desturi yetu ilivyo, maana ndugu za wagonjwa huchungulia dirishani na mtu hatakiwi kujua ugonjwa wa jirani yake. Kufika saa tisa meza ilikuwa imejaa, nikakusanya kwa mikono miwili. Shangazi akachora mstari wake. Nilimwambia leo nimejua maneno thelathini zaidi yake, akasema atanikumbuka nikiwa waziri.

Nimechoka, lakini nimejipenda sana leo.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Kinyozi mmoja alikuja dirishani kuuliza majibu ya mkewe, aliyejifungua kwa upasuaji na sasa ana homa isiyoshuka. Jumatatu tulichukua damu yake tukaiotesha, tuone ni vimelea gani na dawa ipi inaviua. Nikaangalia daftari: majibu yametoka jana, yamesainiwa. Nikamwambia yameshapelekwa wodini. Akashukuru mara tatu.

Jumatatu, 31 Machi

Yule kinyozi tena. Wodini wamemwambia majibu hayajafika.

"Kaka, yamefika," nikasema. "Daftari hili hapa. Waambie watafute vizuri."

Nilimgeuzia daftari auone mstari wa Shangazi. Akauangalia, akaomba radhi kwa kunisumbua. Ni mwembamba, mikono yake inanukia poda.

Maneno kumi na moja.

Jumanne, 1 Aprili

Mke wa kinyozi amefariki leo asubuhi. Mtoto ni wa kike, mzima.

Ijumaa, 4 Aprili

Daktari wa wodi ya wazazi amekuja maabara akiwa mwekundu wa macho. Majibu hayakumfikia kamwe. Alidhani bado tunaotesha, akaendelea na dawa ileile. Vyombo tulivyooteshea tulishavichoma kama kawaida, na daftari letu halina nafasi ya kuandika majibu yenyewe, ila kwamba yametoka. Mimi nakumbuka kwa mbali tu kwamba vimelea vilikuwa sugu kwa dawa ya kwanza. Sampuli sitini na tatu siku ile, nani atakumbuka?

Tulitafuta kila mahali. Droo, chini ya friji, boksi la vilivyoharibika, nimepekua mwenyewe kwa moyo mmoja. Mkuu akaniuliza mbele ya wote, "Ulimkabidhi?"

"Nilimkabidhi zote."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mfuko wake wa plastiki mkononi. Hakubisha. Alisema, "Kama amesema zote, ni zote."

Kinyozi alimkuta kwenye korido. Alipiga kelele mpaka wagonjwa wakatoka vitandani. "Muuaji wewe mama! Ulikuwa unaenda wapi na karatasi yangu? Ulisimama kupiga soga na nani?" Nami nilikasirika, nakiri. Nilimkasirikia Shangazi. Nilijisemea, nilikwambia uhesabu.

Jumatano, 9 Aprili

Kamati imeundwa. Shangazi anaendelea na kazi hadi kikao. Siku hizi anahesabu kila karatasi kwa sauti na anasaini mbele ya kila moja. Makabidhiano ya dakika moja sasa yanachukua robo saa. Hachezi, haniiti Profesa.

Jumamosi, 12 Aprili

Ndoo mbili sasa. Maneno mia nne na kumi kichwani.

Alhamisi, 17 Aprili

Nitaandika polepole ili nisidanganye.

Saa saba mchana Shangazi mwenyewe ndiye aliyeniita. Alisema Alhamisi ni Alhamisi, na yeye akikaa bila la kufanya anasikia kelele za yule kijana. Tukakaa kwenye benchi nyuma ya jiko la hospitali, chini ya kibaraza, mvua ikipiga bati. Nikampa kadi za tarehe 27 Machi. Akazishika mbele ya uso wake kama kawaida, neno likimtazama yeye, na upande wa pili ukinitazama mimi.

Nikihojiwa huwa siuangalii upande huo. Ni takataka tu za mwaka jana, mistari myekundu. Leo niliuangalia kwa sababu haukuwa na mstari mwekundu.

Mwandiko wangu. Wino wa buluu. Wodi ya wazazi, kitanda cha tisa. Tarehe 27 Machi. Jina la mke wa kinyozi. Chini yake orodha ya dawa, na mbele ya ile ya kwanza herufi ya kukataa, na mbele ya ya tatu herufi ya kukubali. Sahihi yangu.

Kilikuwa kimelala kifudifudi upande wa kulia na mkono wangu ukakivuta kama kikaratasi cheupe. Nikaandika neno juu ya mgongo wake. Nikakipeleka nyumbani kwenye boksi la viatu. Na mtu akafa kitandani, hatua mia mbili kutoka mezani pangu, nami nikamwambia mumewe atafute vizuri.

"Lim-pi-di," Shangazi akasoma.

Akanichungulia juu ya kadi.

"Leo umekamatika! Lim-pi-di. Hili rahisi, naona maana yake fupi."

"Angavu," nikasema. "Maji yasiyo na tope, unaona mpaka chini."

"Sawa," akasema, akaiweka kadi chini ya nyingine, akachukua iliyofuata. Zilibaki kadi kumi na tisa. Nilijibu zote. Kumi na tisa kwa kumi na tisa. Mwishoni akazipanga vizuri, akazigonga gonga kwenye paja zikae sawa, akanirudishia.

"Utafaulu wewe," akasema. Ndicho kitu cha kwanza chenye furaha alichosema tangu tarehe nne.

Nilirudi maabara, ile moja nikaitenga na nyingine.

Ijumaa, 18 Aprili

Sikwenda kazini. Nimemwambia Mama ni tumbo.

Nimejipangia maneno ya kumwambia Mkuu. Kila nikiyafikisha mwisho naona barua yake, ambayo bado hajaiandika. Naona Agosti. Nikisema, barua haipo, na bila barua hakuna mtihani wenye maana, na mwakani nina miaka thelathini na mitano na ndoo mbili chumbani kwa Mama. Nisiposema, labda kamati itampa Shangazi onyo tu. Mtu wa miaka yake, miezi saba imebaki, nani atahangaika naye? Watampa onyo.

Nimeandika "onyo" mara mbili kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Kadi nimeiweka ndani ya jalada la daftari hili.

Alhamisi, 24 Aprili

Kikao. Watu watano, meza ndefu, chupa za maji. Mwenyekiti akaniuliza swali lilelile.

"Majibu ya kitanda cha tisa, ulimkabidhi karani?"

"Nilimkabidhi zote."

Maneno mawili, hata sauti haikubadilika. Tarehe nne yalikuwa kweli nijuavyo, leo ni uongo mtupu, na hakuna sikio duniani ambalo lingetofautisha.

Wakamgeukia Shangazi. Wakamwonyesha mstari wake. Akasema mstari ni wake. Wakamwuliza karatasi iko wapi. Akasema, "Labda niliiangusha. Macho yangu si yale. Labda niliiangusha."

Hawakumpa onyo. Amesimamishwa kazi kuanzia leo, barua ya kumwachisha inafuata, na kiinua mgongo chake sasa kinajadiliwa na watu ambao hawajawahi kumwona akivuka uwanja kwenye mvua. Alivua kitambulisho shingoni akakiweka mezani, akakigeuza picha itazame juu.

Jumatatu, 28 Aprili

Maneno kumi na moja.

Jumanne, 29 Aprili

Maneno kumi na moja.

Ijumaa, 2 Mei

Neno la leo ni *obdurate*. Mtu mwenye moyo mgumu, asiyegeuka. Hilo sikuliandikia kadi.

Jumatano, 7 Mei

Mama ameniambia, "Siku hizi unakariri kimyakimya. Zamani nilikuwa nakusikia toka uani."

"Nahifadhi sauti."

"Ya nini? Huko wanaimba?"

Alinitazama muda mrefu, akichambua mboga bila kuziangalia. Mama amewaambia majirani wote kwamba naondoka. Yule wa mlango wa pili ameshaniagiza viatu.

Jumatatu, 12 Mei

Jana nilikwenda kwa Shangazi. Sijui nilikwenda kufanya nini. Nilibeba sukari kama mtu anayekwenda msibani. Binti yake alinipokea. Akasema mama hayupo, kila siku anakwenda hospitali asubuhi, hata Jumapili.

"Kufanya nini?"

"Si anakuja kwenu? Mimi najua amerudishwa kazi."

Leo nimeelewa. Saa mbili asubuhi nilimwona dirishani, kwenye mtaro wa maji kati ya maabara na wodi ya wazazi. Ameinama, sketi ameikunjia magotini, fimbo mkononi, anafunua majani na tope. Mvua inamnyeshea. Nilitoka na mwavuli.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Usinipigie kelele, watanifukuza." Alinyooka kwa shida, mkono kiunoni. "Nimehesabu hatua. Toka mlango wenu mpaka wodini ni mia mbili na sita. Hatua ya mia na arobaini ndipo nilipokutana na mpishi siku ile, tukasalimiana. Upepo ulikuwa mkali. Nafikiri ni hapo. Nafikiri mfuko ulifunguka hapo."

"Mwezi na nusu, Shangazi. Karatasi ingeshaoza."

"Najua. Kipande tu. Hata chenye namba ya kitanda. Nataka nijue tu ni mahali gani niliiangusha." Akafuta uso kwa kiwiko, tope likabaki kwenye nyusi. "Mtu anaacha mtoto mchanga, mimi sijui hata ni hatua gani. Wewe ungeweza kulala?"

Nilisema nalala vibaya. Ndilo jambo la kweli pekee nililomwambia mwezi mzima.

"Maneno yanaendaje?" akauliza. "Niletee kadi Alhamisi. Sina kazi, lakini kusoma najua bado."

Nikamwambia nimeziacha nyumbani. Nikampa mwavuli, akaukataa, hauwezi kushikwa pamoja na fimbo. Nilirudi ndani. Nilirudi ndani nikaendelea na kazi, naandika hapa ili iwepo mahali.

Alhamisi, 15 Mei

Mkuu ametuma barua. Ameniruhusu niisome. Imesema mimi ni mwaminifu na makini kupita kiasi.

Jumapili, 18 Mei

Nimeapa: nikishafanya mtihani tu, nitasema. Siku sita. Mtu anayesubiri miezi miwili anaweza kusubiri siku sita. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nilijielewa vizuri sana.

Jumamosi, 24 Mei

Chumba cha baridi, kompyuta ishirini, kila mtu na kiboksi chake kama kuku wa mayai. Maneno yalikuja moja moja na niliyajua. Niliyatambua yote kwa mahali nilipokuwa nilipoyaandika: hili kwenye mashine ya damu, hili kwenye foleni ya maji, hili siku bati la Mama lilipofumuka. Nilisubiri *limpid* saa tatu nzima. Halikuja. Lilichukua roho ya mtu, na kwenye mtihani halikutakiwa.

Alama hutoka papo hapo kwenye kioo. Nimepita kiwango kwa mbali. Msimamizi, kijana mwenye miwani, alinipa mkono. Nje mvua ilikuwa imekatika. Nilikaa kwenye ngazi za jengo mpaka mlinzi akaniuliza kama ninaumwa.

Jumanne, 27 Mei

Nimemwambia Mkuu. Niliweka kadi mezani kwake, neno juu. Akadhani nataka kumshukuru. Nikaigeuza.

Aliisoma. Akaondoka kwenye kiti akafunga mlango.

"Umejua tangu lini?"

"Tarehe kumi na saba Aprili."

Alihesabu kichwani. Niliona akifika kwenye kikao, halafu kwenye barua yake. Alikaa.

"Nisikilize vizuri," akasema. "Faili limefungwa. Yule mama amekubali kosa kwa mdomo wake. Ukilifungua, kamati nzima imedanganywa, mimi nimeandika barua kwa mtu wa aina hii, maabara inachunguzwa upya. Na marehemu harudi. Utakuwa umemsaidia nani?"

"Shangazi anachokora mtaroni kila asubuhi."

"Nitamwambia mlinzi amzuie."

Alinisogezea kadi kwa kidole kimoja, kama kitu kinachochoma. "Tanuri la taka linawashwa saa tano," akasema. "Halafu nenda kasome. Hapa hajawahi kutoka mtu."

Nilimwogopa huyu mtu miaka sita. Leo niliona anavyofanana na mimi, nikakoma kumwogopa. Sikuipeleka kadi kwenye tanuri. Jioni nilimsimulia Mama yote. Hakunigombeza. Alimaliza kukunja nguo, akaingia chumbani, na nikamsikia akiisogeza ndoo ingawa hakukuwa na mvua.

Alhamisi, 29 Mei

Kibanda cha kinyozi kiko nyuma ya stendi: kiti kimoja, kioo kimoja, kikapu cha mtoto kwenye kona chenye nguo zilizokunjwa. Mtoto yuko kwa bibi yake. Alikuwa anafagia nywele. Alinikumbuka.

"Dada wa dirishani. Karibu. Unanyoa?"

"Nimekuletea majibu ya mkeo."

Aliacha ufagio ukaanguka. Akafuta mikono kwenye aproni, upande huu na upande huu, kabla ya kupokea. Alikiangalia kikaratasi muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hata kwa wembe. Sikuwa nimejiandaa kwa alichosema.

"Imeandikwa Kiingereza. Inasemaje?"

Maneno mia tisa, na niliyoyahitaji hayakuwemo hata moja. Nikamsogelea, nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, nikamsomea kwa Kiswahili. Hili ni jina lake. Hii ni tarehe, siku tano kabla hajafa. Hii ni dawa aliyokuwa anapewa. Herufi hii maana yake haifanyi kazi. Hii ni nyingine. Herufi hii maana yake ingefanya kazi.

"Ilikuwepo hospitali?"

"Ilikuwepo."

Alikigeuza. "Na huku?"

"Huku ni neno nililokuwa najifunza. Kwa ajili ya mtihani wangu. Karatasi ilikuwa imelala kifudifudi nikadhani ni tupu. Yule mama hakuiona kabisa. Nami nimejua tangu Aprili."

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Kwenye kioo nilituona wote wawili, na nilitamani sana anipige. Nje mtu aliuliza kama kuna nafasi, akajibiwa tumefunga. Kisha kinyozi akavua aproni, akaitundika, akachukua kufuli.

"Ofisi ya mkurugenzi inafungwa saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Basi tutaiwahi. Kwanza nipeleke kwa yule mama. Nilimwita muuaji mbele za watu." Hakunitazama. "Wewe sina neno la kukuita. Twende."

Tulimkuta Shangazi ametoka mtaroni, anaosha miguu kwenye beseni mlangoni kwake. Alipomwona kinyozi alisimama na miguu yake yenye povu, akashika ukuta. Kijana akapiga magoti palepale kwenye maji machafu, akampa kikaratasi kwa mikono miwili. Alisema maneno ambayo si yangu kuyaandika.

Shangazi alisogeza kikaratasi mbali na macho, kama wasomavyo watu wa umri wake. Namba ya kitanda. Tarehe. Mwandiko wangu anaujua kuliko mtu yeyote.

"Kwa hiyo sikuiangusha," akasema.

"Hukuiangusha, Shangazi."

Pumzi ilimtoka ndefu. Niliona mabega yake yakishuka, na kwa dakika hiyo alikuwa na furaha, naapa kwa chochote, alikuwa na furaha kama mtu aliyepona. Halafu akakigeuza. Akalisoma neno, midomo ikitembea silabi kwa silabi, nami nikaona linavyomrudia: benchi, mvua kwenye bati, kadi kumi na tisa zilizobaki.

Aliniangalia. Ni mara ya kwanza katika miaka sita ananiangalia bila utani wowote usoni.

"Hii nilikuwa nimeishika mimi," akasema. "Mkononi mwangu hapa. Nikakuuliza."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaiona."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na ukanijibu sawa."

"Nilikujibu sawa," nikasema.